Pacha Hamezi Dawa Peke Yake

Wewe mwenye mtoto aliyemeza dawa ya kichocho, akapona, akarudi majini, na sasa anakojoa damu tena: kaa kidogo usome haya kabla hujasema dawa ni uongo. Nyumbani kwetu tulisema hivyo. Tulisema kwa sauti, tena kwa machozi, na nusura maneno hayo yazike watu wawili.

Mimi naitwa Kulwa, wa Didia, nimesoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Usitegemee nikueleze jinsi mnyoo anavyopita ndani ya mtu. Hayo waulize waliosomea. Mimi nitakueleza mabenchi ya hospitali niliyoyakalia, tumbo langu lilivyokuwa, na watu wangu walivyokuwa. Nikicheka katikati usinishangae. Tangu utoto nilitaka kuwa mtangazaji wa redio, na mtangazaji hata akisoma habari za msiba lazima sauti isimame imara.

Tulizaliwa mapacha, mabasa kama tusemavyo kwa Kisukuma. Mimi nilitangulia, ndugu yangu Doto akafuata. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetupokea, na ndiye aliyeishika sheria ya mapacha kuliko mtu yeyote. Kwake pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa Kulwa kiazi, Bibi anauliza, "Na mwenzake?" Ukimnyoa Doto, "Na mwenzake?" Siku mama aliponichapa kwa kumwaga maziwa, Doto aliitwa kutoka machungani naye aonje fimbo, asije akaonekana ametengwa. Alilia kuliko mimi, maana mwenzangu hata kosa hakulijua.

"Hawa wamefungwa kamba moja," Bibi alikuwa akisema. "Ukimvuta mmoja ukamwacha mwenzake, kamba inakatika."

Maji yetu yalikuwa ya lambo. Humo tulinywesha ng'ombe, tukafua, tukaoga, tukachota ya kupikia. Kifuku kikiingia, yaani msimu wa mvua, tulihamia kwenye majaruba ya mpunga, magoti ndani ya maji tangu asubuhi. Vikonokono vya humo tulivikanyaga bila hata kuvisalimia.

Doto ndiye aliyeanza. Wavulana wa machungani walikuwa na mchezo wa kushindana kukojoa mbali, na siku hiyo mkojo wa Doto ukamalizikia na damu.

"Ee! Doto kawa mwanaume!" wakashangilia. "Wewe Masanja bado unakojoa maziwa kama ndama."

Masanja, mtoto wa jirani, alinuna siku nzima. Doto akarudi nyumbani anatembea kifua mbele kama mtemi. Hata baba hakuona ubaya. Naye alikojoa hivyo alipokuwa mdogo, na watu wazima wote aliowajua walipitia hapo.

Damu yangu mimi, mtoto wa kike, haikushangiliwa. Mama alinivuta nyuma ya ghala.

"Nani kakugusa?"

"Hakuna, mayu." Mayu ndiyo mama kwetu.

"Niambie ukweli, mwanangu."

"Inauma nikikojoa. Hakuna mwingine."

Alinitazama muda mrefu, halafu akaniamini. Wako mama wengi ambao wangeshika fimbo. Hiyo naiweka katika mambo mema yaliyonipata.

Mvua zilipokwisha mimi na mama tulipanda lori la pamba mpaka Shinyanga mjini. Benchi la hospitali lilikuwa limelainika kwa makalio ya watu, na kila mtoto ameshika kichupa chake cha mkojo kama ameshika taa. Tulikuwa tunachungulia vya wenzetu: chako chekundu, changu chekundu zaidi. Bwana wa maabara aliinamia darubini, akasema ni kichocho. Tukapewa vidonge vya kumeza siku kwa siku mpaka viishe.

Nyumbani Bibi alivimwaga vyote juu ya jiwe la kusagia.

"Na mwenzake?"

"Mama, Doto hakupimwa," mama akasema.

"Yeye naye anakojoa damu au hakojoi?"

"Anakojoa."

"Basi unataka umponye mmoja, kamba ikatike?"

Akavigawa, kimoja huku, kimoja kule, na kilichobaki peke yake akakikata kwa wembe. Mama hakubisha. Kwa kweli hata mimi nilifurahi. Vidonge vile vilikuwa vichungu, vilitutapisha, vikageuza mkojo ukawa rangi ya chai iliyokolea, na tabu ya watu wawili ni nyepesi. Tulitapika bega kwa bega nyuma ya zizi, Doto akinisimulia kilichotoka kwake na mimi nikimsimulia changu.

Damu ikapungua, ikatoweka. Mama aliimba siku ile. Kifuku kikaingia, tukarudi kwenye majaruba, na kabla mpunga haujachanua damu ilikuwa imerudi.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema, mpunga ukakaukia shambani. Baba akaenda Nyarugusu, upande wa Geita, kuchimba dhahabu na wenzake. Alimchukua Doto akamsaidie kuosha mchanga, maana mikono ya mtoto ni miepesi kwenye karai. Mahali pa kuoshea wanapaita mwalo: dimbwi tu, na Doto akawa anashinda ndani yake, maji mpaka mapajani, wakati mimi nimebaki Didia nikiongea peke yangu. Nilikuwa sijawahi kumaliza hadithi bila yeye kuidakia.

Tulirudi hospitali, tukapewa vidonge vingine. Bibi akatenga nusu, akaifunga kwenye kitambaa, akatutuma mjini kwa Mama Gulshan, Mhindi mwenye duka la vitenge, ambaye lori la mumewe lilipeleka sukari na sabuni hadi Geita. Bibi mwenyewe alikuja nasi kuhakikisha.

"Mama Kulwa, dawa ya nani hii?" Mama Gulshan akauliza.

"Ya mwenzake Kulwa, yuko Nyarugusu."

"Haya. Dereva atampa baba yake mkononi." Akanitazama uso, nadhani ulikuwa umeanza kuvimba, akanipa biskuti.

"Na mwenzake?" Bibi akasema.

Mama Gulshan alicheka mpaka akashika meza. Akachukua biskuti nyingine, akaichomeka ndani ya kitambaa cha dawa. Baadaye Doto aliniambia ilifika unga, na aliulamba.

Kuanzia hapo sina la kuchekesha kwa muda. Kukojoa kulikuwa kama kupitisha pilipili. Nilianza kukwepa kunywa maji ili nisikojoe, na hapo ndipo nilipojiharibu zaidi. Viganja vilipauka, uso ukavimba asubuhi, miguu ikavimba jioni. Darasani nilikuwa nalala na kalamu mkononi. Nguo yangu ilinuka, nami nilijua inanuka. Wasichana wa dawati langu walisogea pole pole, kila siku kidogo, mpaka nikabaki na dawati zima. Mwalimu akaniambia nipumzike nyumbani kwanza. Nilijua maana yake.

Dereva wa lori akaleta salamu za baba: "Doto amekwisha mwili. Anakojoa damu tupu. Hayo madawa yenu ni maji, msiniletee tena."

Mama alipolisikia hilo alitupa jembe.

"Tumekwenda mara ya kwanza, tumekwenda mara ya pili! Mtoto anameza, anapona, anaumwa! Tunamwaga maji kwenye mchanga!"

"Usipige kelele mbele ya mgonjwa," Bibi akasema.

"Nipige wapi, Mama? Nikapige lamboni?"

Nilikuwa nimelala mkekani, nikageukia ukutani. Siyo kwamba niliogopa kufa. Niliogopa Doto atakufa Nyarugusu, nami nisijue ni siku gani.

Kifuku kilichofuata nilizidiwa. Wakanilaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabara kubwa, Bibi akinikinga mvua kwa ungo, mama akiswaga. Hospitali walikuwa na nesi mgeni, Nesi Salome, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alinipima, akanibonyeza chini ya kitovu nikapiga yowe, akamgeukia mama.

"Mara zilizopita alimeza dawa zote?"

"Alimeza zake zote," mama akajibu.

"Zake zote, maana yake nini?"

"Nusu yake. Nusu nyingine ni ya mwenzake. Hawa ni mapacha."

Nesi aliweka kichupa mezani taratibu. "Mara zote mbili?"

"Mara zote," Bibi akadakia, kwa fahari kabisa. "Hatukumdhulumu hata mmoja."

Nilitegemea atagomba. Badala yake alivuta kigoda akakaa mbele ya Bibi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nusu haikuua minyoo. Iliwalevya tu, wakaamka. Sasa kuna dawa mpya, inamezwa siku moja ikaisha. Lakini inamezwa hapa, mbele yangu."

"Hamezi."

"Bibi, figo za mtoto huyu zinakwenda."

"Na za mwenzake zinakwenda wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Basi aletwe," Nesi akasema hatimaye. "Kila mmoja atapata yake, nzima. Lakini huyu aanze leo."

Bibi akanishika mkono. Mama akanitazama mimi, Nesi naye akanitazama. Nami nikafunga mdomo. Naomba unielewe: nilikuwa mtoto, na niliamini ile kamba. Niliona nikimeza hapa, kule Nyarugusu Doto ataanguka ndani ya mwalo.

Mama hakupoteza muda. Aliondoka siku ileile na lori la Mama Gulshan, amejifunika gunia.

Njia ya Geita ilikuwa imeoza kwa mvua. Siku zilipita, lori halionekani. Mkojo wangu ukagoma kutoka, wakaniwekea mpira. Mchana nilishika kikombe cha bati kama kipaza sauti: "Hapa ni Redio Kulwa, tunatangaza kutoka wodi ya watoto. Hali ya hewa: mvua. Hali ya kitanda cha dirishani: amepewa uji, ameukataa." Watoto walikuwa wanacheka. Ikafika siku nikashika kikombe, na sauti haikutoka. Mtoto wa kitanda cha pili akauliza, "Redio imekatika betri?"

Bibi alilala chini ya kitanda changu siku zote hizo. Mchana mmoja, Nesi akinibadilisha shuka, Bibi alimuuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa linamkwangua tangu zamani.

"Mwanangu, mbona mimi nakanyaga maji yale yale na sikojoi damu? Mama yao naye hakojoi. Kwa nini ni watoto tu?"

"Ulipokuwa mtoto hukukojoa?"

"Nilikojoa. Na ndugu zangu. Wengine hawakukua."

"Umeona. Wewe mwili wako ulijifunza pole pole, miaka na miaka, kila mnyoo alipojifia humo ndani. Una mbwa nyumbani?"

"Ninaye."

"Mwizi akiwa hai anajificha, mbwa hampati. Akifia uani, mbwa atamnusa, ataishika harufu. Siku ndugu zake mwizi wakija, anabweka kabla hawajaruka ua. Dawa inawaua wengi kwa pamoja, mbwa anapata cha kunusa. Ila mbwa wa mtoto ni mdogo, hashiki kwa mara moja. Watarudi majini, wataumwa tena, watameza tena. Kila wakirudia itakuwa afadhali. Hata sisi hatujui yote, Bibi, lakini hilo tunaliona."

"Kwa hiyo kurudi kwa ugonjwa siyo kwamba dawa imeshindwa."

"Siyo. Mbwa bado anasoma."

Bibi akacheka kidogo, puani. Kisha akaniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu, mimi nakumbuka tu dari lilikuwa linashuka na kupanda. Alisimama, akavuta kanga yake vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

"Mpe," akasema. "Mwenzake nitamjibu mimi."

Nikajaribu kufunga mdomo tena. Bibi akanifungua kwa vidole vyake vya kufikichia mtama, huku machozi yanamshuka. "Meza, mjukuu wangu. Meza. Kamba nimeishika mimi."

Nikameza. Nikazunguka na dunia, nikatapika kidogo, nikaombwa nisitapike zaidi, nikalala.

Mama alifika siku chache baadaye, Doto yuko mgongoni. Mgongoni! Mtoto ambaye kwa umri wake alipaswa kulima na plau. Miguu ilikuwa inaning'inia myembamba, tumbo limemtangulia, macho makubwa. Baba alifuata nyuma amebeba karai la kuoshea dhahabu, sijui kwa nini. Nadhani hakuwa na kitu kingine cha kushika. Nyarugusu hakuwa amepata dhahabu. Alikaa kwenye benchi, karai mapajani, akalia ndani yake.

Bibi akapiga magoti mbele ya Doto. "Nisamehe, mjukuu wangu. Mwenzako katangulia kumeza. Nilimruhusu mimi."

Doto akageuza macho pole pole mpaka akanipata.

"Alitangulia hata kuzaliwa, Bibi," akasema. "Kashazoea."

Wodi nzima ilicheka, Bibi akiwa bado magotini. Mimi nililia.

Naye akameza yake, nzima. Akaumwa kuliko mimi, akasema ovyo kwa homa, siku mbili tatu tukawa tunamsikiliza tu kama bado anapumua. Kisha akaomba uji.

Hapo ungependa niishie. Lakini kama una mtoto mgonjwa, kibaya kilichobaki ndicho unachokihitaji zaidi. Tulirudi Didia, na Didia maji yalikuwa yale yale. Hatukuwa na kisima. Baba alichimba cha mkono, kikatoa chumvi. Kifuku kikafika, mpunga unataka mikono. Nikaingia jaruba. Mpunga ulipoanza kuchanua, siku moja nilijificha nyuma ya kichuguu, nikatazama chini, nikaiona. Damu.

Nilimkuta Doto amekaa kwenye tuta, na uso wake ukaniambia kuwa naye ameiona ya kwake.

"Kulwa, mimi sitaki tena," akasema. "Niacheni. Nimechoka kupona."

Nilitafuta neno la kuchekesha, sikulipata. Nilikaa naye tu, tukatazama maji, yanang'aa vizuri kama hayana kosa. Maneno yake bado ninayo: nimechoka kupona. Kama mtoto wako amesema hivyo, mjue ninyi si wa kwanza.

Bibi ndiye aliyetuinua. Alikuja na fimbo yake akatusimamia. "Damu ya mwaka huu ikoje?"

"Ni damu, Bibi."

"Nauliza ikoje. Kama ya mwaka jana?"

Tukatazamana. Haikuwa kama ya mwaka jana. Ilikuwa nyuzi tu mwishoni, na haikuchoma sana.

"Basi mbwa ameanza kubweka," Bibi akasema. "Twendeni akasome tena."

Tukaenda, tukameza. Msimu wa pamba ukapita, kifuku kikaja, ikarudi kidogo zaidi. Tukameza. Bwana wa maabara akawa anainamia darubini muda mrefu akitafuta. Ikatokea mwaka dawa ikakosekana hospitali msimu mzima, tukaogopa sana mwaka ule, tukakuta hatukuharibika kama zamani. Halafu kikaja kifuku nilichopanda mpunga mpaka mwisho, nikaenda nyuma ya kichuguu kila siku kwa woga, na kila siku mkojo ukawa mkojo. Doto ilimchukua kifuku kimoja zaidi. Hata katika hilo alinifuata.

Sisemi tumetoka bila alama. Doto kibofu chake kina kovu. Kipupwe kikija anaumwa, na gunia la mpunga halibebi. Yuko Shinyanga mjini anatengeneza redio. Mimi sijatangaza popote, lakini zile anazozifungua nikienda kumtembelea naongea ndani yake kwanza, kana kwamba nazijaribu. Shule sikuendelea. Nalima, na majini naingia mpaka leo. Mwaka huu nimepimwa, sina.

Mdogo wetu anaitwa Shija, kama wanavyoitwa wote wanaozaliwa nyuma ya mapacha. Baada ya kifuku kilichopita naye akaanza kukojoa damu. Sikulia. Nilimfunga kanga nikamwambia kesho tunapanda lori. Bibi haoni tena sasa, anakaa mlangoni akitambua watu kwa nyayo. Alitusikia tunatoka.

"Mnakwenda wapi?"

"Hospitali, Bibi. Shija akameze dawa."

"Na mwenzake?"

Nikacheka. "Bibi, Shija hana pacha. Alizaliwa peke yake."

"Najua, nilimpokea mimi. Nauliza, anachota maji na nani?"

"Na yule mdogo wa Masanja, wa jirani."

"Huyo hajaumwa?"

Shija akaangalia chini. "Anaumwa, Bibi. Kaniambia nisiseme."

"Basi mwite. Na huyo mwingine mnayeoga naye. Na wale wa ng'ambo ya lambo. Kila mmoja akameze yake, nzima."

Tukapita nyumba kwa nyumba. Lori la pamba liliposimama barabarani, dereva akatutazama, mimi na mstari wa watoto nyuma yangu, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na kichupa chake.

"Dada, wote hawa ni wa nani?"

"Ni mapacha," nikamwambia, nikaanza kuwapandisha.